Kuzaa Mwana wa Roho: Habari ya Jamaa ya Kolwezi

Mwaka 2001 Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia kule Lubumbashi, alitoa buku juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga. Kichwa chake, tukikigeuza kwa Kiswahili, chawataja watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Shaba lilikuwa jina la mkoa wetu wakati wa Mobutu, na baba huyo si mtu, ni kompani. Mtu wa Kolwezi hana lazima ya kuelezwa neno hili. Wazee wetu walizoea kusema kwamba Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ndiyo baba na ndiyo mama: iliwalisha, iliwatibu, iliwajengea nyumba, iliwafundishia watoto. Kiisha siku moja baba huyo akanyamaza.

Lakini katika kampi zile zile za wafanyakazi kulitokea pia ubaba wa namna nyingine, ambao haukutoka katika ofisi ya kompani. Nataka kusimulia habari yake. Si kwa kuwasifu wazee tu, bali kwa sababu kila mmoja wetu, awe padri, awe frateri, awe katekista, siku moja atapewa vijana na kuambiwa: uwakomaze katika imani. Kwa njia gani? Kolwezi ilianza kujibu swali hili miaka 70 na zaidi iliyopita, nayo ililipa bei ya jibu lake.

Tuanze na kompani, maana pasipo kuijua hatutaelewa yaliyofuata. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitafuta wanaume wa kufanya kazi kwa miezi michache, kiisha warudi kwao; wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 wakubwa wa kompani walibadili shauri: afazali mfanyakazi akae na mke wake, azae watoto palepale, na watoto hao wakomae kuwa wafanyakazi wa kesho. Wakajenga nyumba za kampi, wakagawa posho, wakafungua hospitali za uzazi. Shule wakazitia mikononi mwa wamisionari: Wabenediktini upande wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Wafransiskani upande wa magharibi. Kolwezi yenyewe ilisimamishwa mwaka 1937 kuwa makao ya machimbo ya magharibi. Basi mtoto alizaliwa katika hospitali ya kompani, akala unga wa kompani, akajifunza katekismo katika shule iliyojengwa na kompani, na mwisho akaandikwa kazi ya baba yake. Yote yalikuwa tayari mbele yake. Hakuna aliyemwuliza: wewe ni nani, na unataka nini?

Ni haki kusema kwamba wamisionari walifanya mema mengi katika shule zile. Bila wao wengi wetu tusingejua kuandika. Lakini padri alionekana karibu sana na mkubwa wa kampi. Watoto walimheshimu, walikariri majibu yake, walipiga magoti alipopita. Moyo wao aliujua nani?

Katika mwaka ule ule wa 1906 ilipozaliwa Union Minière, alizaliwa pia Berlaar, katika Ubelgiji, mtoto ambaye baadaye aliitwa Placide Tempels. Aliingia kwa Wafransiskani, akapewa upadri mwaka 1930, akafika Kongo mwaka 1933. Kwa miaka kama kumi alifanya kazi kati ya Waluba wa Katanga sawa na wenzake wote. Mwenyewe ameungama katika buku lake dogo lililotoka Léopoldville mwaka 1962, jina lake Notre rencontre, ndiyo kusema kukutana kwetu. Anasema kwamba alikuja kama mzungu na kama mkubwa, mtu aliye na ujumbe wa Mungu mkononi: yeye alikuwa wa kusema, na watu walikuwa wa kusikiliza. Watu walisikiliza kweli. Waliitikia ndiyo, Padri, kiisha wakarudi nyumbani na kuishi kwa mawazo yao wenyewe, ambayo yeye hakuyajua. Siku alipoliona hilo, aliacha kufundisha kwa kitambo na kuanza kuuliza.

Kutoka katika maulizo hayo kulitoka buku lake juu ya filosofia ya Wabantu, lililogeuzwa kwa Kifaransa na kuchapwa Elisabethville mwaka 1945. Sitakaa sana juu yake. Askofu de Hemptinne wa Katanga hakulipenda hata kidogo. Baadaye wasomi Waafrika nao walilikemea, kati yao Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun mwaka 1968, na maneno yao yana uzito, kwani Tempels alisema kwa niaba ya watu wote wa Bantu kana kwamba wana wazo moja. Tena tusisahau kwamba Stefano Kaoze, mwana wa nchi ya Tanganyika, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi, aliyepewa upadri mwaka 1917, alikuwa amekwisha kuandika juu ya roho na akili za Wabantu tangu mwaka 1910. Watu wengi wanamtaja mzungu na kumsahau ndugu yetu. Mimi naona kwamba kazi kubwa ya Tempels si buku lile. Kazi yake kubwa ni ile aliyoifanya baadaye katika kampi ya Musonoi.

Alikaa Ubelgiji tangu mwaka 1946 hata 1949. Aliporudi alitumwa upande wa Kolwezi, na kufika mwaka 1953 alikuwa kati ya wafanyakazi wa machimbo ya Musonoi. Hapo alikusanya watu wachache, waume na wake zao, si kwa kuwafundisha kwanza bali kwa kuwauliza tena swali lake: mtu anataka nini katika maisha yake? Kwa kuwasikiliza kwa muda mrefu alitambua mambo matatu, ambayo hata leo wazee wa Jamaa wanayataja bila kukosea: uzima, uzazi, na mapendo. Mtu anataka kuwa na uzima wa nguvu. Anataka kuzaa, asife peke yake. Anataka kuungana na wenzake, asiwe pekee kama jiwe. Wao waliyaita mawazo matatu. Kiisha padri akawaonyesha kwamba mambo hayo matatu, waliyoyatamani tangu mababu, yamo ndani ya Mungu mwenyewe, na Bwana Yesu na Mama Maria waliyaishi kwa ukamilifu. Katekismo haikuwa tena kitu kigeni kilichotoka Ulaya ndani ya sanduku. Ilikuwa jibu la swali lililokuwa moyoni mwao.

Na jambo hili lilimgeuza padri pia. Aliona kwamba hawezi kuwauliza watu siri za moyo wao huku akificha wake. Akawaambia furaha yake na taabu zake. Wakamwita Baba Placide, naye alikiri kwamba wao ndio waliomzaa katika upadri wake, maana mtu hawi baba kabla ya kupata watoto. Kwa Mfransiskani wa miaka ile, katika nchi ya ukoloni, lilikuwa neno la ajabu.

Sasa tuangalie namna Jamaa ilivyokomaza watu, kwa sababu hapa ndipo pana faida kwetu. Baba Placide alikataa kabisa Jamaa iitwe chama. Bwana na bibi waliokwisha kuonja maisha haya walikwenda kwa bwana na bibi wengine, jioni, baada ya kazi. Wakakaa nao, wakazungumza. Siku nyingine wakarudi. Ilichukua miezi, mara nyingine miaka. Hakukuwa na mtihani wa majibu ya kukariri. Kulikuwa na njia, yaani hatua za kupita, na kila hatua ilitaka jambo litendeke katika maisha: mume amfungulie mke wake moyo, mke amfungulie mume wake, wasifichane neno, hata habari ya mshahara. Hata ndoto walizisimulia kwa wale waliowaongoza, na ndoto hizo zilipimwa pamoja. Mwisho wa njia, wale waliowaongoza waliitwa baba na mama zao wa roho, nao wapya waliweza kuzaa wengine.

Mfikiri ndugu jambo hili lilikuwa na maana gani ndani ya kampi. Pale walikaa Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga, Walunda, Wachokwe, Wasanga na wengine wengi, kila mmoja mbali na mjomba wake na shangazi yake, mbali na wazee waliopasa kumfundisha utu uzima. Jando na unyago vilibaki kijijini. Kompani ilitoa unga, haikutoa wazee. Jamaa ikawapa wazee: mtu wa Kasai aliweza kumwita mtu wa Katanga baba, si kwa damu wala kwa lugha, ila kwa Kiswahili cha kampi na kwa Injili. Ikapita kampi hata kampi, ikafika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Elisabethville, kiisha ikavuka mpaka Kasai. Mapadri kadhaa nao wakaingia, wakaketi kusikiliza watu wa ndoa wakiwaeleza maana ya kuzaa.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto neno la namna hiyo: waalimu wanao wengi mno, lakini baba mmoja aliyewazaa kwa Injili. Tumelisoma mara ngapi pale seminari, na mara ngapi tumelipita kama neno zuri tu la kuhubiriwa? Watu wa Musonoi walilichukua kama lilivyo.

Lakini nilisema kwamba Kolwezi ililipa bei, wala si haki kuificha. Tunayajua mambo haya kwa wazee wenyewe, na pia kwa watu wawili waliochunguza kwa makini: Johannes Fabian, aliyekaa Katanga miaka ya 1966 na 1967 na kutoa buku lake mwaka 1971, na Willy De Craemer, Mjesuiti, aliyetoa lake mwaka 1977.

Bei ya kwanza ilianguka juu ya vijana. Jamaa ilianza na ndoa, na kila kitu ndani yake kilipimwa kwa bwana na bibi. Kijana wa miaka 17 asiye na mke angepita njia gani? Alibaki nje ya mlango huku baba na mama yake wakizaliwa upya ndani. Aliona matunda, pengine, kwa sababu nyumba yenye amani ni mafundisho pia. Lakini yeye mwenyewe hakuulizwa swali. Naona hii ni ajabu na huzuni, kwamba kikundi kilichojua sana maana ya kuzaa hakikuwa na fasi ya kutosha kwa wale waliokuwa wakitafuta kuzaliwa kwa mara ya kwanza katika utu uzima.

Bei ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwana wa roho aliweza kumshika baba yake wa roho kuliko paroko, kuliko askofu, na nyakati nyingine, tuseme bila kuficha, kuliko Kristu. Mafundisho yalitolewa kwa faragha, na wakristu wengine wa parokia walijiona wameachwa nje. Padri asiye wa Jamaa alihesabiwa na wengine kama mgeni. Kiisha vikatokea vikundi vilivyoitwa Katete, ambavyo viligeuza neno la kuungana kwa roho kuwa jambo la mwili. Wazee wa Jamaa wenyewe walivikataa, lakini sifa mbaya haichagui nyumba. Baba Placide alikuwa amekwisha kuondoka Kongo mwaka 1962, mwaka ule ule Mtaguso ulipofunguliwa Roma, naye alikufa Hasselt mwaka 1977. Katika miaka ya 1970 maaskofu wetu waliweka masharti makali. Wengi walitii na kubaki ndani ya Eklezia, wengine walijitenga na kufanya kanisa lao.

Nimewasikia mapadri wanaosema kwamba mwisho huo ni ushahidi kuwa jambo lote lilikuwa kosa. Mimi sikubali. Kosa halikuwa kuzaa. Kosa lilikuwa kukataa kumwachilia mtoto. Yohane Mbatizaji alikuwa na wanafunzi wake, aliowafundisha kusali na kufunga. Alipopita Bwana Yesu akawaonyesha kwa kidole, nao wakamwacha wakaenda. Hatusomi kwamba aliwaita warudi. Anayeongoza vijana na kufurahi kwa kuwa wanamtaja yeye kila saa, ajichunguze mapema.

Sasa tufike kwenye wakati ambapo Eklezia nzima ya Kongo ililazimishwa kujifunza jambo hili. Mwisho wa mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku vyama vya vijana vya dini. Vijana wote wawe wa chama cha taifa, na tawi lake liingie hata katika seminari. Maaskofu walipinga. Mwisho wa mwaka 1974 shule zetu zilinyang'anywa, na hazikurudishwa mpaka mwaka 1977. Kwa miaka michache tu, yale yote tuliyoyategemea kwa kuwakomaza vijana, uniforme, bendera, kalasi ya dini, yaliondoka. Kilichobaki ni kile ambacho polisi hawezi kukifunga: nyumba ya mkristu, mashirika ya mitaa, na katekista anayetembea jioni kutoka mlango hata mlango. Katika miaka hiyo pia, kule Kinshasa, padri Ignace Matondo Kwa Nzambi, aliyekuwa askofu baadaye, alianzisha Bilenge ya Mwinda, yaani vijana wa mwangaza: njia ya hatua kwa hatua, yenye wazee wa kuwasindikiza vijana, kwa mfano wa mafundisho ya mababu. Ilienea katika nchi nzima. Mkitazama vizuri mtaona kwamba yale ambayo Jamaa iliwapa watu wa ndoa, hatua na wazee, yalitolewa sasa kwa wale waliobaki nje ya mlango.

Vita vya Mei 1978 navipita, ingawa kila mtu mzima wa Kolwezi anavikumbuka. Nataka kufika miaka ya 1990. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya machimbo ya chini ya Kamoto ilianguka. Gécamines, iliyotoa katikati ya miaka ya 1980 karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakatika, posho ikaisha. Na katika miaka ile ile, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao huko Likasi na Kolwezi. Wakalala kwa majuma mengi penye stesheni wakingoja treni, na wengi walifia njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa katika kanisa moja. Wengi wao walikuwa vijana. Katika nchi ile ile ambapo mtu wa Katanga na mtu wa Kasai waliitana baba na mwana, wajukuu waliokotana kwa mawe. Kila ninapofundisha historia ya Jamaa nafika hapa, na mafrateri wananyamaza. Nami sina neno la kuwafariji. Nawaambia tu wahesabu miaka: wale waliorusha mawe walizaliwa karibu na mwaka 1970, wakati vikundi vimekatazwa, shule zimenyang'anywa, na Jamaa yenyewe imegawanyika.

Leo Kolwezi ni mji mkuu wa mkoa wa Lualaba, tangu mwaka 2015, nayo dunia nzima inaitazama kwa ajili ya kobalti. Katika mtaa wa Kasulo watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vya nyumba zao tangu mwaka 2014, mpaka mtaa ukazungushwa ukuta mwaka 2017. Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka katika machimbo ya KOV, ukawaua wachimbaji wa mkono zaidi ya 30. Kijana anayeitwa creuseur aweza kupata kwa juma moja fedha ambayo katekista haioni kwa miezi, na juma linalofuata asipate hata ya unga. Hana kompani ya kumwita baba. Ana mnunuzi anayepima mfuko wake. Masista wa Mchungaji Mwema walifika Kolwezi mwaka 2012, wakaanza na watoto wa machimbo, kwa kwenda kule waliko. Ndiyo njia ile ya bwana na bibi wa Musonoi: hawakungoja watu waje sakristia.

Sasa neno kwenu, mafrateri, mnaokwenda parokiani kwa mwaka mmoja wa kazi kabla ya teolojia. Mwaka mmoja ni mfupi kwa kuzaa. Nilitumwa zamani katika parokia moja ya kampi, nikapewa kikundi cha vijana. Siku ya kwanza nilijitayarisha sana, nikaandika mafundisho ya miezi kumi katika daftari. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, mchimbaji, mikono yake ingali na vumbi la kijani, aliinua kidole kwa adabu. Nilidhani ataniuliza juu ya Mungu. Akasema: «Frateri, wewe ni wa sita. Utakaa mpaka lini?»

Nilimwambia mpaka Julai. Akaitika kwa kichwa, akafungua daftari lake, akaandika tarehe.